Kengele Iliyokaa Kimya

Nevena alikuwa haandai chai kabla ya kuitazama miche yake ya pilipili. Aliiotesha ndani ya banda la nailoni nyuma ya nyumba, ili auze majira ya kuchipua. Yeye na mumewe, Stamen, waliitegemea miche hiyo kwa chakula cha mwaka mzima.

Hita ya umeme ililipasha banda joto. Kompyuta kuukuu ya jikoni iliiangalia hita hiyo. Ikizimika, kengele hulia. Lakini namba ya mtandao, yaani anwani ambayo kompyuta iliitumia kuiona hita, haikufaa kwa intaneti. Stamen akitaka intaneti, hubadilisha namba, na kompyuta huacha kuiona hita. Akimaliza, huirudisha ile ya hita.

Siku ya kwanza ya Machi, watu hufungana uzi mwekundu na mweupe mkononi kukaribisha majira ya kuchipua. Jioni Stamen alibadilisha namba ili amwonyeshe kwa video mjukuu wake aliyeko mjini Sofia uzi wake. Walicheka sana. Akasahau kuirudisha.

Usiku hita ilizimika. Kengele haikulia. Asubuhi Nevena alikuta miche imelala, myeusi.

"Imekufa, Stamen! Imekufa yote!"

Stamen alikaa chini kwenye udongo wenye barafu. Machi ni mwezi wa hila, baridi hurudi ghafla, kila mtu kijijini anajua, na bado alisahau. Inauma.

Jirani yao Galya, mwalimu wa kompyuta, alisikia kilio akaja, wakamweleza habari ya namba.

"Kwani kwa nini mnabadilisha namba?" aliuliza.

"Kompyuta ina kadi moja ya mtandao," Stamen alisema. "Kadi moja, namba moja."

"Nani kakudanganya, kaka? Mlango wenu ni mmoja, lakini barua zako na za Nevena zote zinapita hapo. Kadi moja hubeba namba mbili. Ni kama kuongeza kadi ya pili isiyoshikika."

"Kumbe!" Nevena alisema kwa uchungu. "Na wewe ulikuwa hapo ng'ambo ya ua siku zote?"

"Nilikuwepo, dada. Hamkuniuliza."

Galya aliiacha namba ya intaneti kama ilivyo. Akaongeza ya pili, ya upande wa hita, baada ya kuhakikisha hakuna kifaa kingine kinachoitumia. Njia ya kutokea nje, kwenda intaneti, aliiandika kwenye namba ya intaneti tu. Akahifadhi, akazima kompyuta, akaiwasha tena.

"Usipohifadhi, ikizimwa inasahau," alisema. "Sasa chomoa hita."

Stamen aliichomoa. Kengele ikalia jikoni, na huku mjukuu, waliyempigia tena, anaonekana kwenye kioo cha kompyuta. Nevena alijifunika uso kwa aproni.

Walipoangalia vizuri, trei chache za miche karibu na ukuta wa nyumba zilikuwa bado hai. Wiki ile baridi ilirudi na hita ikazimika tena. Kengele ililia. Walikimbia na mablanketi, wakaziokoa.

Aprili wateja walikuja, wakazikuta trei hizo chache.

"Mwaka huu vipi, Stamen? Nyingine ziko wapi?" mmoja aliuliza.

"Nimeziua mimi," Stamen alisema.

Nevena alikuwa akifunga miche kwa gazeti. Hakuinua kichwa.

"Tumeziua," alisema. "Hata mimi sikuuliza."