Taa za Mjomba Zikiwaka

Giza lilikuwa linaingia Solo alipofika kwa mkaza mjomba wake kuazima amplifaya kwa mara ya mwisho. Jina la Solo alipewa na wenzake wa bendi, kwa gitaa analolipiga. Amplifaya ilikuwa ya marehemu mjomba, ile ya zamani yenye taa za kioo ndani, nzito kupita kiasi. Miaka sita aliipandisha ngazi za kumbi za harusi za mchana, na miaka sita ilimla mgongo. Sasa basi. Alikuwa amenunua kisanduku cha dijitali, chepesi kama daftari, kinachonakili sauti ya amplifaya yoyote. Unainakili mara moja, mzigo unaurudisha kwa mwenyewe, unatembea wima kama watu wengine.

Mkaza mjomba hakupinga. Aliifuta vumbi kwa kiganja, akanong'ona:

"Sharti la mjomba wako unalikumbuka? Mchana imbeni mtakavyo, lakini usiku taa zikishawaka, mtu haongei. Gitaa tu."

"Nakumbuka, mama. Tulidhani ni maringo."

"Hayakuwa maringo." Akatazama mlangoni. "Na huyo umemleta wa nini?"

Huyo alikuwa Chiriku, mwimbaji wa bendi, mdogo wake Solo wa kike, wa tumbo moja. Jina lilimfaa. Aliongea akila, aliimba akifua, na wazazi wao walipofariki ni mdomo wake ulioifanya nyumba isiwe kaburi. Solo alimlea mwenyewe. Alimpenda kuliko gitaa, ingawa hakuwahi kumwambia.

Waliipeleka kwenye chumba cha mazoezi. Solo akaweka maikrofoni mbele ya spika, akaunganisha nyaya, akawasha. Taa zikaanza kuiva taratibu, rangi ya chungwa. Harufu ya vumbi linaloungua ikajaa chumbani. Akamwonyesha mdogo wake kidole mdomoni, kisha akabonyeza.

Kunakili ni kazi ya dakika nne. Kisanduku hutuma milio ya ajabu kwenye amplifaya... mluzi, ngurumo, mkwaruzo... halafu husikiliza inavyojibu. Chumba lazima kiwe kimya. Kelele ikiingia, kila mpiga gitaa anajua, unafuta na kuanza upya.

Dakika ya tatu, Chiriku akaghuni wimbo puani.

Kidogo tu. Alijisahau. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Solo akatazama dirisha, nje kumeshakuwa giza, akapunga mkono: haidhuru.

Taa zikamulika mara moja, nyeupe.

Pu!

Zikazima zote, na kisanduku kikaandika: *Tayari*. Na kwenye ile harufu ya vumbi kukapita nyingine... ya mafuta ya nywele, ya mwanamke aliyejipamba.

Jumamosi walipiga kwenye harusi, mchana kweupe. Kisanduku kililia hadi mpiga ngoma akageuka kutazama. Halikuwa gitaa tena, alikuwa mtu anayelia. Solo alifurahi, na furaha hiyo inamwaibisha mpaka leo. Maana wimbo wa tatu sauti ya Chiriku ilianza kukwama. Jumanne ikawa mnong'ono. Ijumaa hapakuwa na kitu. Daktari akammulika kooni na kusema koo ni zima kabisa. Chiriku akawa anaandika kwenye karatasi, na kadiri alivyonyamaza ndivyo gitaa lilivyozidi kuwa tamu.

Jumapili Solo aliirudisha amplifaya kwa mkaza mjomba, roho mkononi.

"Mwimbaji wa kwanza wa mjomba wako, mwanamke wa kujipamba, aliimba usiku taa zikiwaka," mama yule alisema polepole. "Sauti ikamtoka. Mwaka haukuisha, tukamzika. Amplifaya ndiyo ikaanza kulia vile mlivyokuwa mnaisifu. Mjomba wako aliibeba hadi anakufa, kwa sababu aliogopa kumwachia mtu asiyejua sharti." Akaishika ile amplifaya. "Leo ni baridi. Haina kitu. Yule aliyekuwa ndani alikwenda wapi?"

Solo alitoka mbio, akamchukua Chiriku, wakafungua chumba cha mazoezi. Akawasha kisanduku. Hakuunganisha gitaa.

Spika ikavuta pumzi.

Kisha ukaja ule wimbo, wa kughuni. Chiriku alikuwa amekaa pembeni yake, mdomo umefungwa.

Solo akatafuta mahali pa kufuta. Kioo cha kisanduku kikauliza: *Futa sauti hii?* Ndiyo. Hapana.

"Kaka..." spika ikanong'ona. "Kaka, usinifute. Ni mimi."

Kidole kikaganda. Ilikuwa sauti ya Chiriku tupu, hata ule mtetemo wake anapotaka kulia. Solo akageuka. Mdogo wake alikuwa anaandika haraka haraka, machozi yanadondokea karatasi.

*Huyo si mimi. Futa.*

"Kaka, nisikilize! Kaka!"

Alisikiliza sauti, akatazama uso. Uso aliouosha tangu utotoni. Mtu huamini nini, kama si uso wa ndugu yake?

Akabonyeza Ndiyo.

Kimya.

Chiriku akafumba macho, akameza mate, akafungua mdomo. Sauti ikatoka, nzito, iliyokomaa, kama ya mtu aliyeamka usingizini.

"Ahsante," alisema. "Kule ndani kulikuwa na joto sana, mpiga gitaa."

Mpiga gitaa. Chiriku, tangu ajue kusema, hakuwahi kumwita kwa jina lolote ila kaka.

Siku hizi bendi inatafutwa kila mahali. Watu wanasema yule dada sauti imepevuka, wanalia harusini. Anaishi nyumba ile ile, anapika, anajibu akiulizwa. Solo hukaa chumba cha mazoezi, anawasha kisanduku, anategea spika sikio hadi shingo inauma. Hakuna hata pumzi. Amefuta vizuri.