Viduara Saba vya Shaba

Bodi ilikuwa na joto kabla kalamu ya kulehemu haijachomekwa kwenye umeme. Fundi mdogo aliigusa, akaondoa kidole haraka.

"Kaka, hii kompyuta ni ya zamani kuliko mimi, na umeme haina. Mbona ina joto?"

"Ni jua hilo," alijibu kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bingwa kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kujiita hivyo. Dirisha lilikuwa limefungwa. Lakini Bingwa hakuwa mtu wa kubabaishwa na dirisha.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Betri ya zamani ilikuwa imevuja na kuila bodi, ikaacha unga wa kijani. Unga huo huoshwa kwanza kwa siki, ndipo kipuri kilicholiwa kitolewe kwa moto mdogo, mguu mmoja mmoja, kwa kuwa viduara vya shaba vinavyoshika miguu hiyo vimebandikwa tu juu ya bodi, na vikizeeka hubanduka kama kigaga cha kidonda. Fundi mdogo alilijua hilo. Alilisema. Akalirudia.

"Wewe shika simu zako," Bingwa alisema. Akapandisha moto hadi mwisho, akakikamata kipuri kwa koleo, akavuta.

Viduara saba viling'oka pamoja na miguu. Pale vilipotoka, bodi ikashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeamshwa kwa kofi, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Mtu mwenye haya angesema ameharibu. Bingwa alichukua gundi ya viatu, akavibandika tena viduara kama kucha za bandia.

"Mwenyewe akija," alinong'ona, "mwambie ililetwa hivi hivi."

Kesho yake mchana alianza kukohoa, na kikohozi chake kilitoa unga wa kijani, na kadiri alivyokohoa ndivyo kifua kilivyozidi kulia kwa ndani, tik, tik, tik, kama chuma kinachopoa, mpaka mama yake akaacha kujifanya hasikii, akamleta mganga, bibi mmoja mwenye miwani minene, ambaye aliweka sikio mgongoni kwa Bingwa na kuliondoa upesi kuliko alivyoliweka.

"Humu mna mtu," alisema polepole.

Sauti ikatoka kifuani, midomo ya Bingwa ikiwa imefumbwa. "Kaning'olea sakafu nimelala. Aseme tu kwamba alivuta, akaharibu. Nitarudi kwenye bodi yangu. Asiposema, kifua hiki ni changu."

Mganga akawageukia. "Mmesikia. Maneno mawili tu."

"Kaka, sema," fundi mdogo alimnong'oneza, amemshika mkono. "Nani atakucheka? Tuko wanne humu."

Bingwa alivuta pumzi ya mwisho aliyokuwa nayo. Angeweza kuitumia kuishi.

"Bodi... ilikuwa mbovu," alisema. "Na moto... aliuweka huyu."

Kifua kikashuka. Kikakaa chini muda mrefu. Kisha macho yakafunguka.

"Samahani, mama, nimewahangaisha," alisema kwa upole. "Bibi, ahsante kwa kuja. Mdogo wangu, ulisema kweli. Siki kwanza."

Mganga alifunga mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Wiki ile bodi ilioshwa. Penye viduara vilivyong'oka palitandazwa waya mwembamba kama unywele, kwa mkono usiotetemeka, na kompyuta ikawaka. Wateja walisikilizwa mpaka mwisho. Fundi mdogo alisubiri kaka yake ainamie kazi, akamwekea kioo cha kukuzia chini ya pua. Alihesabu hadi mia mbili. Kioo hakikupata ukungu.

Akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, yule si kaka. Hapumui. Tutafute mganga mwingine, huenda kaka bado yumo."

Mama aliendelea kufuta kikombe. Kutoka karakana sauti ikaita, "Mama, umechoka? Nije nikuoshee hivyo vyombo?"

Mama alisimama, kikombe mkononi. "Miaka thelathini na moja," alisema taratibu, "kaka yako hakuwahi kuniuliza hivyo. Funga mlango, mwanangu. Asije akakusikia, akaondoka."