Tarakimu Sita za Onesmo

Elida haamini kitu ambacho hajakigusa mwenyewe, na pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, wauza dagaa wote wanalijua hilo. Wanunuzi wengine hutazama dagaa wa juu, wakawasifia, biashara ikaisha. Elida huvua bangili, hukunja mkono wa gauni, kisha huzamisha mkono wa kulia ndani ya kiroba mpaka kwapani, maana huko chini ndiko watu wanakoficha mchanga na dagaa walionyeshewa na mvua.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mkono uliingia ukakataa kutoka. Bega lilikuwa limemsumbua tangu mwaka mpya, naye akalipuuza. Siku hiyo lilikaza kabisa. Akabaki ameinama juu ya kiroba, meno ameyabana, anajifanya bado anakagua. Mwenye dagaa akaanza kuapa kwamba hajaweka mchanga.

"Dada, usiuvute," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake. "Legeza bega. Sogea wewe, mkono uuache kwanza."

"Wewe nani?"

"Naitwa Onesmo. Legeza, tutafahamiana baadaye."

"Silegezi bega kwa mtu nisiyemjua."

"Basi tutakaa hapa mpaka jioni. Mimi nina samaki mkononi, migebuka mitatu, itaharibika."

Alilegeza kwa sababu maumivu yalimzidi, si kwa sababu amemwamini. Mkono ulipotoka alimgeukia na kumpima. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, blauzi ya hospitali ya rangi ya samawati, suruali iliyonyooshwa ikawa na mstari mkali kuanzia gotini mpaka kwenye kandambili. Elida aliuona ule mstari kabla hajauona uso. Mwanamume anayevaa suruali ya namna ile, aliwaza, ana mtu wa kumnyooshea.

"Usiku unaweza kulalia upande huo?" Onesmo aliuliza.

"Ninavyolala vinakuhusu nini?"

"Kuchana nywele je? Kufunga vifungo vya mgongoni?"

Vyote vilikuwa vimemshinda Elida, na wiki nzima Frida, shoga yake anayeuza chai na mihogo pale pale mwaloni, ndiye aliyekuwa akimfunga gauni.

"Bega limeganda hilo," Onesmo alisema. "Njoo Jumanne hospitali, chumba cha mazoezi ya viungo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia."

"Kitambulisho."

Alikitoa. Elida alikisoma mbele, akakisoma nyuma, akailinganisha picha na mwenye picha.

"Hapa umenenepa."

"Nilikuwa nakula kwa mama."

"Na sasa unakula kwa nani?"

Onesmo aliinyanyua ile migebuka mitatu. "Napika mwenyewe, dada yangu. Na suruali nanyoosha mwenyewe, naona umeiangalia sana."

Elida aliona haya, na Jumanne akaenda. Akaenda na Ijumaa. Onesmo alimfundisha kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo, kila siku apite alama ya jana, na kila alipopita alimwambia, "Safi, mama." Mwezi wa saba aliweza kuchana nywele mwenyewe. Mwezi wa nane bega lilikuwa halihitaji tena hospitali, lakini wenyewe walikuwa wanahitajiana.

Jumapili walikaa mchangani Kibirizi, Elida na gauni lake la kitenge cha njano, Onesmo na shati jeupe la kanisani, wakila mihogo ya Frida.

"Kwa hiyo wewe ni daktari?" Elida aliuliza siku moja.

"Si daktari. Nina diploma. Nataka digrii, ili mtu aliyepooza upande mmoja nisimtazame tu namna ninavyowatazama sasa, nikakosa la kumfanyia."

"Si uende?"

"Kuna milango miwili. Wanaotoka kidato cha sita na Fizikia, Kemia na Baiolojia zao nzuri, hao wanapitiliza. Sisi wa diploma tunafanya kazi, tunapeleka matokeo ya diploma, na wanarudi kutuchungulia mpaka kidato cha nne."

"Na huko kidato cha nne wamekuta nini?"

"Kuna kitu kinanikwamisha."

"Kitu gani?"

"Kitu tu, mpenzi. Kula muhogo."

Hilo neno "kitu tu" Elida aliliweka akilini. Kisha naye akamsimulia habari za Martini, mchumba wake wa zamani, aliyekwenda Dodoma kusoma kozi ya miezi tisa. Miezi miwili ya kwanza alipiga simu kila jioni. Wa tatu akawa na mitihani. Alirudi ameshika mkono wa mke mwenye mimba.

"Tangu siku ile," Elida alisema, "mwanamume akiniambia anakwenda kusoma, namfungia mizigo yake mwenyewe na namwambia asirudi."

Onesmo alilitazama ziwa, kisha akammegea muhogo mwingine. Elida aliliona hilo.

Septemba simu ya Onesmo ikaanza kuzimwa kila Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Alipoulizwa alisema ni mazoezi ya kwaya. Elida alimwomba amwimbie wimbo mpya wa Alhamisi iliyopita. Akaimba wimbo ambao kila mtu anaujua tangu utoto. Halafu ikapigwa simu akiwa ameketi naye, kioo kikaandika jina la Mwanvua, na Onesmo akainuka akaenda kuipokelea kwenye mitumbwi.

"Mwanvua ni nani?"

"Mtu wa kazini."

"Wa kazini mbona umempokelea majini?"

Frida ndiye aliyemalizia. "Shoga, hiyo kwaya yako iko Ujiji. Nimemwona anaingia nyumba ya mwanamke aliyeachika, mweupe, mzuri. Na alikuwa amebeba mkate."

Ule mkate ulimuuma Elida kuliko uzuri wa mwanamke. Alhamisi ya pili ya Oktoba alipanda bodaboda mpaka Ujiji, akashuka mbali kidogo, akajitanda kanga mpaka puani. Mlangoni kulikuwa na kandambili anazozijua. Ndani sauti ya kike ilikuwa ikisema, "Rudia tena. Leo hutoki hapa mpaka uipate."

Elida akavuta pazia.

Onesmo alikuwa amekaa mkekani, daftari mapajani, kalamu ya risasi sikioni, jasho linamtoka. Mwanamke aliyevaa miwani na dera la zambarau alikuwa amesimama mbele ya ubao mdogo uliojaa hesabu. Mkate ulikuwa juu ya kabati, umekatwa nusu.

"Karibu," mwanamke yule alisema kwa upole. "Na wewe unarisiti mtihani?"

"Huyu ni Mwalimu Mwanvua," Onesmo alisema akiinuka. "Ananifundisha Hisabati. Nilipata F kidato cha nne, Elida. Digrii wanataka angalau D, hata kama diploma yako ni nzuri namna gani. Mwezi ujao narudia mtihani."

Mtu mwingine angefurahi. Angejiambia hakuna mpenzi wa siri hapa, kuna hesabu tu, angekaa akala mkate. Lakini Elida alipiga hesabu yake kichwani, na hesabu kwake haikuwa somo la kurudia. Mtihani Novemba. Matokeo Januari. Maombi ya chuo Julai. Kuondoka Oktoba mwakani. Mwanamume huyu alikuwa ameshaipanga safari yote, tarehe kwa tarehe, na huku Jumapili anamwita mama.

"Umenidanganya miezi miwili."

"Niliogopa. Ulisema utanifungia mizigo."

"Bora ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza. Chuo nitakifukuzaje?"

Alitoka. Onesmo alimkimbilia peku mpaka barabarani, akiita jina lake, na watu wa Ujiji wakasimama kutazama. Elida alipanda bodaboda bila kuuliza inaenda wapi.

Hawakusemezana tena. Januari Frida alimletea habari kwamba Onesmo amepata C. Elida akasema, "Hongera yake," akaendelea kupima dagaa. Alikasirika mwezi mzima, akamkumbuka miezi iliyobaki. Kila asubuhi alipandisha vidole ukutani, ingawa bega lilikuwa limepona, na alijiambia ni kwa ajili ya afya.

Septemba, Jumatatu moja, simu yake ikalia akiwa anafunga viroba. Ujumbe ulimpongeza Onesmo kwa kuchaguliwa shahada ya fiziotherapia katika vyuo viwili, Moshi na Dar es Salaam. Achague kimoja, athibitishe kwa namba hii ya siri, tarakimu sita. Mwisho Ijumaa.

Alisoma mara nne. Jina la Onesmo, simu ya Elida.

"Futa," Frida alisema. "Alikusomea kwa siri, na wewe mfutie kwa siri."

"Kwa nini ameweka namba yangu?"

"Ili umwonee huruma baada ya mwaka mzima wa kimya. Ni mtego huo."

Elida naye alidhani ni mtego. Jumanne hakufanya kitu. Jumatano alimuuliza mteja mmoja aliyewahi kusoma chuo, akamwambia kwamba aliyekosa namba anaingia kwenye akaunti yake na kuomba nyingine, ni dakika mbili tu. Basi shaka ikaongezeka. Kama anaweza kuomba nyingine, mbona kimya? Alhamisi hakulala vizuri, na safari hii bega halikuhusika. Ijumaa saa kumi alasiri akampigia.

"Uko wapi?"

"Hapa mjini, mtaa wa Mwanga, kwa Selestini, kwenye intaneti." "Elida, umepata..."

"Usiniambie kitu kwenye simu. Nataka kukuona uso."

Chumba cha Selestini kilikuwa na kompyuta nne na feni moja. Onesmo alikuwa kwenye ile ya mwisho kabisa, shati jeupe, suruali yenye mstari uleule, amekonda. Elida alivuta kiti, akakaa, akaiweka simu mapajani, kioo chini.

"Tunafunga saa kumi na mbili," Selestini alisema.

"Tutakuwa tumemaliza. Onesmo, namba ina tarakimu sita. Nitakutajia mojamoja, na kila moja nina swali lake. Ukinidanganya nainuka."

"Uliza."

"Kwa nini simu yangu?"

"Mara ya kwanza ulijua kwa kuvuta pazia. Nikasema safari hii ujue kabla yangu mimi mwenyewe."

Elida alimtazama machoni. "Nne. Kwa nini hukuja kuniambia kwa mdomo?"

"Nilikuja Kibirizi mara tatu. Nilikuona unafanya kazi, mkono unapanda vizuri, nikakosa ujasiri nikarudi."

"Lini na lini?"

"Machi, baada ya Pasaka, na tarehe ishirini Juni."

"Ishirini Juni nilikuwa kwetu Kalinzi, kwenye harusi."

Onesmo alifikiri, akatahayari. "Basi nilimwangalia mtu mwingine nusu saa nzima."

Selestini alikohoa. Elida aliuma mdomo ili asicheke. "Sifuri. Unachagua chuo gani?"

"Moshi."

"Mbona si Dar? Kila mtu anakimbilia Dar."

"Moshi nimeongea na mtu anayesoma pale, anasema wanaanza kushika wagonjwa mapema. Nimechoka kusoma mwili kwenye karatasi."

"Saba. Miaka mingapi?"

"Minne."

Alikuwa anajua, lakini kuisikia kulimkata maini. Miezi tisa tu ilimtosha Martini. "Na hiyo minne nitakungoja kama nani? Kama mgonjwa wako?"

"Kama mchumba wangu. Jumapili washenga wanapanda Kalinzi kwa baba yako na barua ya posa. Mzee wa kanisa letu, na Mwalimu Mwanvua anamsindikiza."

"Yule wa hesabu?"

"Ndiye aliyenisahihishia barua. Amesema utaikagua kila neno."

"Nitamkagua yeye kwanza. Moja." Elida alishusha pumzi. Zilibaki tarakimu mbili, na swali hili ndilo lililomnyima usingizi. "Kama nisingekuja leo, ungefanya nini?"

Feni ilizunguka. Elida alilijua jibu ambalo Martini angelitoa: ningekiacha chuo, mpenzi, bila wewe ningesomea nini. Alilisubiri. Alikuwa ameshashika mkoba tayari kuinuka.

"Saa kumi na mbili kasoro ningeomba namba nyingine," Onesmo alisema. "Ningethibitisha na ningekwenda. Ningekwenda nalia, lakini ningekwenda. Nisamehe, mama. Umesema nisikudanganye."

Selestini aliacha kuchapa. Kwa Elida lilikuwa jibu baya, na katika miaka yake yote hakuna mwanamume aliyewahi kumpa jibu baya kama hilo huku akimtazama usoni. Aliuweka mkoba chini.

"Tano," alisema.

Onesmo aliichapa kwa kidole kimoja. Kikabaki kisanduku kimoja kitupu kwenye kioo. Alimgeukia, akasubiri swali la sita.

Elida alikuwa nalo. Alikuwa nayo hata kumi: wasichana wa Moshi, simu itakayozimwa Alhamisi, mitihani ya mwezi wa tatu. Alikuwa anampenda mtu huyu na alikuwa anamwachia aende, na yote mawili yalimuuma pamoja.

"Tisa," alisema.

"Hujaniuliza kitu."

"Najua. Bonyeza."