Kapita Aliyesalimia Akitembea

Kapita Okito, msimamizi wa wafanyakazi kinuni, hakuweza kutulia. Alikunywa chai yake amesimama mlangoni. Akavaa viatu, akavivua, akavivaa tena.

"Baba Hawa, kaa basi," Safi, mke wake, akamwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Watu wa kinu hawasemi na mimi," Okito akajibu. "Wanaitika tu. Ndiyo kapita, ndiyo kapita. Nikiingia, kicheko kinakatika."

"Si walikuwa marafiki zako?"

"Njo hapo iko shida."

Na kweli walikuwa marafiki. Kwa miaka mingi Okito alibeba magunia katika kinu cha mpunga pale Kindu, yeye na Bulaimu, bega kwa bega. Walikula sahani moja. Lakini wakati ule wa Zaire ya chama kimoja, wakubwa walipenda mtu mwenye sauti, na sauti Okito alikuwa nayo. Wakampa ukapita. Akashona abakosti, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai. Kila asubuhi wafanyakazi walisimama mbele ya bendera, wakaimba nyimbo za Chama, wakapiga makofi. Okito aliongoza. Alisikia makofi yale, masikini, akadhani anapendwa.

Sasa Bulaimu alikuwa anaondoka. Asumani, fundi wa mashini, ndiye aliyeleta habari.

"Bulaimu anarudi kwao Lokandu, kapita. Jumamosi anapanda mtumbwi. Harudi tena."

"Ju ya nini?" Okito akamuuliza sababu.

"Sijui, kapita."

Alijua. Uso wake wote ulisema anajua.

Basi asubuhi hiyo Okito akaamua kujisogeza kwa watu wake. Alikuwa amesikia kwamba mkubwa mzuri anajua habari za nyumbani kwa watu wake. Akaanza na Asumani.

"Asumani, kwako munakaa wangapi? Na yule mugeni wako, alitoka wapi? Anafanya kazi gani?"

Asumani akaweka spana chini polepole. "Mugeni gani? Kwangu hakuna mugeni, kapita."

Okito akamwendea wa pili, kisha wa tatu, na maswali yale yale. Kabla ya jua la mchana, mnong'ono ulikuwa umezunguka kinu chote: kapita anakusanya habari awapelekee watu wa Chama. Siku zile, mkubwa akiuliza habari za mgeni wako, hakuna aliyefikiri kwamba anataka kumkaribisha chakula. Mchana ule watu walikwenda kula mbali naye, nyuma ya lundo la pumba. Okito alikula peke yake.

Jioni alimkuta jirani yake, Mama Sharifa, akianua mpunga kwenye mikeka. Mama Sharifa aliongoza kikundi cha wanawake waliolima pamoja huko Mikelenge. Wanawake wale walimsikiliza, tena walimcheka usoni bila hofu. Okito alikuwa akiliona jambo hilo na kulishangaa.

"Mama Sharifa, wale wamama wako, unawafanyia nini?"

Mama Sharifa akamtazama. "Kwanza nikuulize mimi. Unajua kama mama ya Bulaimu alikufa?"

"Lini?" Okito akauliza.

"Kumbe kweli hukusikia! Mwezi uliopita. Bulaimu alikuambia mwenyewe, mulangoni pa kinu, watu wote wako pale. Ulimuuliza, nyumbani wote wazima? Akajibu, mama amefariki. Wewe ukasema, vizuri, vizuri, twende kazi. Ukaenda zako."

"Lakini aliniomba ruhusa ya kwenda Lokandu. Nilimpa!"

"Na hukumuuliza anaendea nini."

Okito aliukumbuka mkono wake alivyouinua asubuhi ile. Maneno ya Bulaimu hakuyakumbuka hata moja. Aibu ikamshika, akatamani ardhi ipasuke.

"Nilikuwa natembea," akasema.

"Njo hiyo. Unasalimia watu ukitembea. Halafu leo umewauliza kama polisi. Unataka muntu akufungulie nyumba yake. Wewe ya kwako umemufungulia lini?" Mama Sharifa akakunja mkeka. "Mimi, mumoja wetu akizaa, tunapalilia shamba lake, na mimi niko na jembe pale. Nikichoka, nawaambia nimechoka. Nikikosa mbele ya watu, naomba musamaha mbele ya watu, siendi pembeni. Na nikiuliza muntu habari, nasimama mpaka amalize."

"Nikifanya hivyo, watafanya kazi muzuri?"

Hapo mama wa watu akakasirika. "Ona sasa! Kama unaenda kwa Bulaimu ju ya magunia yako, usiende. Atakujua kabla hujakaa. Enda ju mama yake amekufa."

Kesho yake, nyimbo zilipokwisha, Okito hakuwaruhusu watu watawanyike.

"Bulaimu, uliniambia mama amefariki, nikasema vizuri. Nimekosa mbele ya hawa wote. Naomba musamaha. Na wewe Asumani, jana nilikuogopesha. Hakuna muntu alinituma."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Nimesikia, kapita," Bulaimu akasema, akainamia gunia lake.

Okito akamfuata. "Arobaini ya mama ni lini?"

"Jumapili."

"Naweza kuja?"

"Muto si wangu," Bulaimu akajibu.

Mpaka siku hiyo hakuna mtu aliyethubutu kuzima mashini bila amri ya kapita. Ijumaa Okito alimwita Asumani. "Nakuachia kinu. Ukiona hatari, zima. Usiningojee."

Jumamosi walishuka mto Lualaba, Okito na Bulaimu, katika mtumbwi mmoja. Njia ndefu, maneno machache. Okito alijigeuzageuza mpaka mpiga kasia akamkemea. Mwishoni akashindwa kuvumilia.

"Bulaimu, ukapita unaniogopesha. Mambo mengi ya kazi ile sijui. Njo maana nakimbiakimbia, watu wasione."

Bulaimu akakata chikwange yake, ule mkate wa muhogo wa kufungwa majani, vipande viwili, akampa Okito kimoja.

Huko Lokandu Okito hakukaa kama mgeni wa heshima. Alipasua kuni pamoja na vijana. Wakati wa dua, yeye ambaye hakuwa Mwislamu alikaa kimya nyuma ya wanaume. Dua ilipokwisha, shangazi yake Bulaimu akamwambia mpwa wake:

"Chumba chako tumekifagia. Unakaa na sisi, si ndiyo?"

Bulaimu akamtazama Okito. Abakosti ilikuwa imejaa majivu, na kifungo kimoja kilikuwa kimepotea.

"Narudi Kindu, shangazi. Huyu nikimuacha peke yake, ataanza tena kukimbia."

Watu wakacheka. Okito naye akacheka, huku anafuta machozi kwa mkono wa koti. Tangu apewe ukapita, hakuna mtu aliyemtania.

Waliporudi kinuni walikuta kimya. Mashini haikunguruma. Magunia ya mpunga yalijaa mpaka mlangoni, na dereva wa lori alikuwa anapiga honi kwa hasira. Asumani alisimama wima, kama mtu anayengoja kupigwa.

"Niliizima mimi, kapita. Mukanda wa mashini ulipasuka, ukanipita karibu na shingo. Tumeushona, lakini bado hatujaiwasha."

Hasira ilimpanda Okito. Aliyaona magunia, aliisikia honi, akawafikiria wakubwa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akaufunga.

"Umeumia?"

"Hapana, sikuumia."

Dereva akapiga honi tena. Okito hakugeuka. Alibaki pale pale, anamtazama fundi wake.

Asumani akamsogelea. "Lakini niliogopa, kapita," akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa sana. Bado naogopa kuigusa."

Okito akavuta gunia, akaketi, akampisha nafasi kando yake.

"Niambie," akasema.