Mto Uliponyamaza

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa ya mwisho kabla ya daraja. Alishona sare za shule karibu na dirisha, na mto ulipiga kelele chini yake siku nzima. Mama mkwe wake, mwenye nyonga mbovu, alikaa kitini akishona vifungo na kumtania.

"Mwanangu, mikono ya shati hilo ni ya mtoto au ya tembo?"

"Ya mtoto, mama. Atakua."

Kwa siku tatu mvua ilinyesha kule juu milimani. Mto ukajaa tope. Asubuhi ya nne kelele zikakoma, na maji yakashuka hadi mawe yakaonekana. Wanawake wa mtaa wakafurahi. Desturi yao ilikuwa kufulia mablanketi juu ya mawe yale. Fundi akamtuma binti yake, Kifungo, na beseni, awahi jiwe zuri.

Mara akapita mpima mto. Watu walimwita Bwana Rula, kwa sababu kila siku alisoma kina cha maji kwenye nguzo ya daraja. Siku hiyo hakusalimia.

"Nani yuko mtoni?"

"Kifungo, anafua. Si maji yamepungua?"

"Mvua bado inanyesha huko juu. Sasa maji yameenda wapi?"

Fundi akainuka, akautazama mto.

"Huenda mlima umeporomoka, umeziba mto," alisema Bwana Rula. "Maji yanajikusanya nyuma ya udongo. Ukiachia, yatakuja yote kwa mpigo. Watoeni watu! Pandeni juu, msifuate mto!"

Fundi alitimua mbio, akipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Wanawake wakaacha mablanketi. Akamshika Kifungo mkono, wakarudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa bado kitini. Nani ambebe? Wapite njia gani? Hakuna aliyewahi kuuliza. Walimkokota kwa makwapa huku akilia kwa maumivu. Hawajafika mbali, mto ukanguruma. Maji yalishuka na magogo, yakabomoa ukuta wa jiko, yakaishia hatua chache tu nyuma yao.

Tangu siku hiyo, mto ukitulia kidogo, Fundi aliacha kushona akasikiliza. Mwishowe alimwendea Bwana Rula.

"Mimi naogopa, kaka."

"Una haki ya kuogopa. Basi hiyo hofu tuipe kazi."

Majirani walikutana chumbani kwa Fundi. Walikubaliana kukimbilia kwenye tanuri la matofali, juu ya mtaa, bila kuvuka daraja. Walichonga ngazi kwenye njia yenye utelezi. Seremala alifunga miti miwili kwenye kiti cha mama mkwe. Yeye na mwashi wangekibeba. Atakayeona mto umeshuka wakati mvua inanyesha milimani apige filimbi. Hakuna kurudi kuchukua kitu. Wakifika, Bwana Rula ataita kila nyumba, moja moja.

Walifanya mazoezi kila mwezi. Mama mkwe alinung'unika kila mara.

"Polepole, nyie! Mnadhani mmebeba gunia la viazi?"

"Gunia la viazi halipigi domo, bibi," seremala akajibu.

Msimu wa mvua uliofuata, mchana mmoja, mto ukanyamaza tena. Filimbi ikalia. Fundi aliiacha sindano ndani ya kitambaa, akatoka. Miguu ilijua njia. Kiti kikapanda mbele yake. Kule kwenye tanuri walisubiri. Mama mkwe hakutania hata kidogo. Alishika mkono wa Kifungo, akaukaza.

Kisha mlima ukanguruma. Ardhi ikatikisika. Maji na tope yakashuka, yakasomba daraja. Nyumba ya Fundi ikainama, ikavunjika, ikapotea kwenye tope pamoja na cherehani. Fundi alilia kwa sauti.

Bwana Rula akafungua orodha yake. Aliita nyumba ya seremala, akaita ya mwashi. Kisha akamgeukia Fundi.

"Nyumba ya fundi cherehani?"

"Tupo," akajibu Kifungo. "Wote watatu."