Furushi Mlangoni

Asubuhi Verlene alilikuta furushi barazani: sufuria yake ya chuma, viatu vya mtoto na mkate wa mahindi wa jana, vyote vimefungwa ndani ya shuka. Fundo lilikazwa kama la mtu anayekwenda asirudi.

"Junie, umeanza mchezo wa safari?"

Binti yake wa miaka sita akatikisa kichwa. "Si mimi. Ni yule mama wa kilemba."

Verlene akacheka. Mwaka mzima yeye na mumewe Cordell walizunguka pande zote za Atlanta wakitafuta pa kuishi. Huku shule mbovu, kule foleni, kwingine bei ya kukutoa machozi. Junie alihamishwa shule mara nyingi hata akaacha kujisumbua na majina ya wenzake. Nyumba hii ya kaskazini, yenye shule nzuri hatua chache tu, Verlene aliapa ndiyo ya mwisho. Hapa hatoki mtu!

Mama yake, Ozella, aliyeishi kusini mwa jiji katika nyumba alimozaliwa, alikataa hata kuja kuiona.

"Watu wetu walifukuzwa kule enzi za bibi yangu," alimwambia kwenye simu. "Waliambiwa jua lisizame wakiwapo. Wakafunga vyombo kwenye shuka, wakakimbia. Waliochelewa walichomwa ndani. Umezunguka weee, ukaona pa kukaa ni hapo?"

"Mama, hayo ni ya kale."

"Haya. Mwanangu ni msomi."

Mafurushi yakazidi. Kila jua likikaribia kuzama, nyumba ilijaa harufu ya mafuta ya taa, na jikoni zikasikika nyayo za mtu mwenye haraka. Verlene akashindwa, akampigia mama yake simu huku analia.

Ozella akaja na kopo la rangi ya buluu, ile waliyopaka wazee wake kwenye dari za baraza. Mzuka hauvuki maji, na rangi ile huiona kama maji. Kwanza aliliinamia furushi la siku ile palepale barazani, akalifungua na kutoa kitu kimoja kimoja.

"Usivushe kizingiti furushi lililofungwa," alionya. "Ukilibeba na fundo lake, umembeba na aliyelifunga."

Akapanda ngazi na miguu yake mibovu, akapaka dari yote ya baraza. Nyumba ikatulia. Junie akaanza kutaja majina ya marafiki.

Kisha akaja Bi Hensley, mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba, na pai mkononi na meno yote nje.

"Tumefurahi mno mlivyohamia! Ila hiyo dari, jamani. Hapa kwetu ni nyeupe au kijivu tu. Watu wasije wakadhani..."

Jumamosi Cordell akaipaka nyeupe, anapiga mluzi. "Ni rangi tu, mke wangu. Tukibishana watatuita watu wa vurugu."

Verlene alijua si rangi tu. Akamshikia ngazi, kwa jinsi alivyotaka kubaki.

Jioni ileile harufu ikarudi, nzito, na makabati yakafunguka yenyewe moja baada ya jingine, na shuka zikavutwa vitandani, na nyayo zikapanda ngazi, zikashuka, zikapanda tena mpaka chumbani kwa Junie, na Verlene alipoufikia mlango alimkuta mtoto ameketi sakafuni amevaa koti, ananyoosha miguu, na kamba za viatu vyake zinajifunga polepole, hakuna mkono wowote.

"Anasema tuwahi," Junie alinong'ona. "Wameshawasha mienge."

Cordell akambeba mtoto, Verlene akanyakua furushi lililokuwa mlangoni, wakatoka mbio, wakaendesha gari mpaka kwa Ozella.

Mtaa wa Ozella nao ulikuwa umebadilika. Majirani wa zamani walishauza karibu wote, na mabango ya wanunuzi wa nyumba yalisimama mbele ya kila mlango. Ozella alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Verlene akafungua kwa ufunguo wake, akapita chini ya dari ya buluu ya baraza ya mama yake, akiwa na furushi mgongoni. Akalitua jikoni na kuanguka kitandani.

Asubuhi alimkuta mama yake ameketi kitandani, amevaa kofia ya kanisani na viatu. Picha za wazazi wake hazikuwapo ukutani. Zilikuwa mapajani mwake, zimefungwa ndani ya shuka.

"Fundo hukulifungua, Verlene."

"Mama, nisamehe. Niliogopa."

"Nimezaliwa humu." Ozella alitazama ukuta mtupu. "Humu ndani, mwanangu."

Mlango ukagongwa, taratibu, kwa adabu. Nje alisimama kijana mwenye suti, anatabasamu, akiuliza kama mwenye nyumba amefikiria kuuza.

Junie, bila kuambiwa, akaketi sakafuni na kuanza kuvaa viatu.