Bendera ya Jimbo la Jirani

Jumapili jioni, katika mtaa mmoja wa mji wa Toledo, jimbo la Ohio, ukisikia tromboni ikilia na mbwa akiitikia, ulijua Marnie Nowicki yuko barazani anafanya mazoezi ya bendi ya shule. Baba yake, Dale, mfanyakazi wa tanuri katika kiwanda cha vioo, alikuwa akigeuza soseji kwenye jiko la mkaa huku akitikisa kichwa kufuata mapigo. Mkewe, Joanne, alikuwa akimenya mahindi. Ikumbukeni amani hiyo, wazazi wenzangu, maana haikudumu.

Marnie alikuwa hajaomba chuo chochote Dale alipotundika barazani bendera ya chuo kikuu mashuhuri cha umma cha Michigan, jimbo la jirani. Gus wa nyumba ya pili nusura aangushe chai yake.

"Dale, umetuasi? Ohio yote hii hukuona chuo?"

"Cheka tu, Gus. Utakuja kuniomba tiketi za mpira."

Matokeo ya mtihani wa kuingia chuo yakatoka. Marnie alipata alama elfu moja mia tatu na themanini kati ya elfu moja mia sita, naye akarukaruka jikoni. Bibi Pruitt, mshauri wa wanafunzi shuleni, aliwaita wazazi akawaambia kweli.

"Kwa chuo chetu hapa Ohio, alama hizi zinatosha na kubaki. Kule Michigan wanatazama kwanza watoto wa jimbo lao, maana wazazi wao ndio wanaolipa kodi ya kukiendesha chuo. Wa nje wanagombea nafasi chache, kwa hiyo wanaoingia wana alama za juu mno. Hata Marnie akizifikia, hakuna ahadi."

"Wa nje?" Dale alihamaki. "Mama mkwe wangu anakaa huko! Kutoka kwangu ni robo saa!"

"Lakini Marnie anakaa Ohio, Bwana Nowicki."

Hapo ndipo kiburi kilipomwingia. Angesikia vizuri tu ile sehemu ya kwanza, ya alama kutosha, msingekuwa na hadithi ya kusikiliza leo. Yeye alisikia neno moja, wa nje, likamkaa kooni. Akaamua mwanawe aurudie mtihani. Marnie akatolewa kwenye bendi, tromboni ikasukumwa chini ya kitanda, meza ya kulia ikajaa vitabu vya mazoezi, hata mbwa akawa kimya.

"Dale, mtoto hali," Joanne alimwambia.

"Atakula Januari, maombi ya chuo yakishapelekwa."

Sikilizeni jibu hilo! Na Dale hakuwa mtu mbaya. Alimpenda binti yake kuliko macho yake. Mtihani wa pili ulipoongeza alama ishirini tu, alimpiga Marnie begani kwa furaha. "Unaona? Tunakaribia." Marnie alitabasamu kwa midomo tu, akarudi mezani.

Mtihani wa tatu ulikuwa Desemba. Vituo vya karibu vilikuwa vimejaa, wakampangia shule ya mbali, huko mashambani. Jumamosi hiyo Dale alikuwa kazini na Joanne alikuwa hajarudi kutoka zamu ya hospitali, kwa hiyo Marnie akaendesha gari mwenyewe, macho yamemvimba kwa kukesha na vitabu.

Simu ilimkuta Dale kiwandani. Mpigaji alikuwa mkulima asiyemjua. Binti yako, alisema, amesinzia kwenye usukani. Gari liko mtaroni.

Dale hakukumbuka baadaye aliendeshaje mpaka kule. Aliona kwanza gari, pua imezama kwenye tope lililoganda. Kisha akamwona Marnie kando ya barabara, amevikwa koti kubwa la mkulima, mdomo umepasuka. Alipomwona baba yake alisimama wima kama mtu aliyefumaniwa.

"Baba, nisamehe. Nimechelewa mtihani."

Dale alipiga magoti palepale kwenye mabua ya mahindi. "Mtihani gani?" alisema, amemkumbatia, analia bila haya. "Mwanangu, mtihani gani?"

"Gari tutalivuta," mkulima alisema. "Mshukuru Mungu, mzee."

"Namshukuru," Dale akajibu. "Nawe pia, ndugu yangu. Nawe pia."

Siku hiyohiyo alipanda ngazi akaishusha bendera. Gus alikuja kumshikia ngazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Ndani, Marnie alikuwa anakula.

"Baba, nikiomba chuo cha hapa, utaona haya?"

"Haya naiona kwa ile bendera, mwanangu. Wewe kula."

Chuo cha Ohio kilimpokea kwa mikono miwili. Msimu wa mpira ulipofika, Dale alisimama uwanjani kwenye mvua, bendi ikapita. Tromboni zilikuwa nyingi mno, hakuweza kuitambua ya Marnie, basi akawashangilia wote mpaka sauti ikamkauka.

FUNZO

Wazazi wenzangu, chuo kinachopenda watoto wa jimbo lake hakijamtukana mwanao. Wala alama hazipimi mapenzi yako kwake. Chuo kilicho tayari kumpokea ni neema, tusikidharau kwa sababu kiko karibu. Tumuulize mtoto kama amekula na amelala kabla ya kumuuliza amepata ngapi. Na wewe ambaye mwanao leo amerudi na alama ndogo, shukuru. Amerudi.